Barua ya wazi kwa Wabunge: malizeni kwanza hesabu za ATCL za mwaka uliopita, ndo mpitishe hela mpya

Kwa: Mheshimiwa Spika, wenyeviti na wajumbe wa kamati za PAC (Hesabu za Serikali), PIC (Uwekezaji wa Mitaji ya Umma) na Miundombinu, na waheshimiwa wabunge wote wa Bunge la Jamhuri ya Muungano, Dodoma.

YAH: HELA ZA NDEGE KUPITISHWA KABLA HESABU ZA NDEGE HAZIJAJADILIWA

Waheshimiwa, salaam, na poleni na majukumu.

Naenda moja kwa moja kwenye hoja maana najua makaratasi mliyonayo mezani ni mengi. Naandika kuhusu Air Tanzania, yaani ATCL, na Wakala wa Ndege za Serikali, yaani TGFA, ila zaidi naandika kuhusu nyinyi na kalenda yenu, maana kwa jinsi ninavyofuatilia hizi ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, shida kubwa siku hizi siyo kwamba CAG haoni, CAG anaona na anaandika na anataja mpaka shilingi ya mwisho, shida ni kwamba mnapokuja kukaa kuijadili ile ripoti, hela inayofuata mmeshaipitisha zamani na nyingine imeshaliwa.

Chukueni tu hasara za ATCL jinsi CAG alivyozitaja mwaka hadi mwaka. Mwaka wa fedha 2019/20 hasara bilioni 60. Mwaka 2020/21 bilioni 36. Mwaka 2021/22 bilioni 35. Mwaka 2022/23 bilioni 56. Mwaka 2023/24 bilioni 91.8, na hiyo ni baada ya Serikali kuweka ruzuku ya bilioni 99.8, kwahiyo bila ruzuku tungekuwa tunaongelea bilioni 191 na ushee. Jumlisheni hiyo miaka mitano, inakaribia bilioni 280 za hasara. Sasa kila mwaka kati ya hiyo mitano kulikuwa na Bunge la Bajeti, kulikuwa na waziri amesimama kuomba hela, na kulikuwa na wabunge wamesema ndiyooo.

Naomba tuifuate ripoti moja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, ile ya mwaka 2021/22. Mwaka ulifungwa Juni 30, 2022. CAG akamkabidhi Rais ripoti Machi 29, 2023. Wote tunakumbuka siku ile pale Ikulu, Mheshimiwa Rais alivyokasirika kuhusu ndege ya mizigo, kwamba bei inajulikana ni dola milioni 37 halafu inakuja invoisi ya dola milioni 86. Nchi nzima ilisimama. Wiki iliyofuata ripoti ikaingia Bungeni, wabunge mkacharuka, wengine mkataka ijadiliwe palepale, Kiti, yaani anayeongoza kikao, kikasema hapana, kamati zikaifanyie kazi kwanza, mjadala utakuwa Novemba. Haya, Juni 2023 mkapitisha bajeti ya 2023/24, ya wizara zote, Uchukuzi ikiwemo. Novemba ikafika mkajadili, na mlijadili kwa uchungu kweli, sitaki kuwanyima haki yenu, hotuba zile nilizisikiliza.

Lakini hesabuni wenyewe. Kutoka Juni 2022 mpaka Novemba 2023 ni miezi 16. Siku mnasimama mnalaani ile hasara ya bilioni 35, mwaka mwingine mzima wa 2022/23 ulikuwa umeshafungwa miezi minne nyuma, na ndani yake kulikuwa kumeshakaa hasara ya bilioni 56 ambayo hakuna mbunge aliyekuwa anaijua. Ripoti yenye hiyo bilioni 56 ikaja Bungeni Aprili 2024, nayo ikapangiwa foleni ileile ya mwisho wa mwaka, na kufikia hapo mwaka 2023/24 umeshafungwa tangu Juni 30, 2024, na humo ndani imelala ile 91.8. Yaani kila mnapofika, shirika limeshapita. Mnakemea yaliyopita na yanayokuja mmeshayalipia.

Mama yangu ameuza duka la rejareja miaka mingi, na hajawahi hata siku moja kumpa kijana wa dukani hela ya kwenda kuchukua mzigo mpya Kariakoo kabla hawajakaa wakahesabu mzigo wa zamani umeishaje. Siyo kwamba anamshuku kila kijana. Ni kwamba akishatoa hela mpya, maswali kuhusu ile ya zamani yanakosa nguvu, kijana anajua hakuna tena cha kumzuia.

Na nyinyi cha kuzuia mnacho. Katiba ibara ya 63 imesema Bunge ndo chombo kikuu chenye madaraka kwa niaba ya wananchi kuisimamia na kuishauri Serikali. Najua kuna wanaosema tukikataa bajeti Rais anaweza kulivunja Bunge, ni kweli ibara ya 90 ipo na inasema hivyo, ila hakuna mtu anawaomba mkatae bajeti nzima ya nchi. Mna njia ndogo zaidi na mnazijua kuliko mimi. Mnashika shilingi, yaani mnazuia fungu la waziri mpaka atoe maelezo. Na hapo kwenye kushika shilingi niseme la moyoni, maana huwa naangalia ile Kamati ya Matumizi jioni, mwenyekiti anasoma fungu baada ya fungu, mbunge anasimama kwa ukali kabisa anasema asipopata maelezo ya kutosha ya Serikali anakusudia kuondoa shilingi, mezani kwangu tunakaa vizuri tusikie, waziri anasimama anasema jambo hili Serikali inalifanyia kazi, dakika mbili tatu, mbunge anarudisha shilingi na kushukuru kwa majibu mazuri. Baadae muda unaisha inapigwa gilotini, na mafungu yaliyobaki yanapita kwa mkupuo bila hata mtu kuuliza. Inaniuma sana ile. Shilingi mmeishika lakini mkononi hamna karatasi yoyote ya kumbana nayo waziri, kwasababu ripoti ya CAG rasmi "bado iko kwenye kamati".

Hoja ya kwamba bado iko kwenye kamati nimeisikia kila mwaka na siidharau. Wanasema taarifa ya CAG ni hoja za ukaguzi tu, wakaguliwa lazima wapewe nafasi ya kujibu, PAC na PIC wawaite maafisa masuuli, yaani wakuu wanaowajibika kwa hela za taasisi, wapitie vielelezo, ndo walete taarifa yenye uhakika. Sawa. Ila wakaguliwa si walishapewa nafasi? Mkaguzi hatoki ofisini kwa mtu kimyakimya, anaandika hoja, menejimenti inajibu kwa maandishi, wanakaa kikao cha kufunga ukaguzi, hoja zilizojibiwa vizuri zinafutwa, na zile zinazobaki zinachapwa na majibu ya menejimenti yakiwa humohumo. Kwahiyo kinachofika kwenu Aprili siyo uvumi. Ni kitu kilichobaki baada ya watu kujitetea na utetezi ukashindikana. Sisemi mhukumu mtu Aprili, nasema msimuongezee hela Mei na Juni kama vile hamjaona chochote.

Na muda upo, hii ndo sehemu inanikera zaidi. Sheria ya Ukaguzi wa Umma inamtaka CAG amalize mwisho wa Machi. Katiba ibara ya 143 inataka Rais aifikishe Bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kianze, na Bunge la Bajeti linaanza Aprili. Bajeti ya Uchukuzi kwa kawaida inasomwa Mei. Tayari hapo mna wiki kadhaa. Siombi mjadili taasisi zote, ziko nyingi na hamtoweza, naomba mchague chache tu, zile zinazopata hasara mwaka hadi mwaka na wakati huohuo zinakuja kuomba ruzuku au mtaji. ATCL ikiwa ya kwanza. Na hao mkishawapata, mkae nao kabla fungu la wizara yao halijafika kwenye Kamati ya Matumizi, siyo baada.

Halafu kuna jambo la mgawanyo wa kazi. Bajeti ya Uchukuzi inachambuliwa na Kamati ya Miundombinu. Hesabu zinaangaliwa na PAC na PIC. Wanaoruhusu hela itoke na wanaokagua ilivyotumika ni watu tofauti, vyumba tofauti, miezi tofauti. Kwa taasisi ya kawaida labda siyo tatizo sana lakini kwa ndege ni tatizo kubwa maana mpangilio wenyewe umekaa hivi: ndege Serikali imenunua kupitia TGFA, TGFA ndo mwenye mali, ATCL anakodishiwa. Hazina inatoa hela kununua ndege. ATCL analipa, au anadaiwa, kodi ya ndege kwa TGFA. ATCL akipata hasara Hazina inamuongezea ruzuku. Hela inazunguka kwenye mifuko mitatu na yote ni ya kwetu, na kwenye kila mfuko kuna mtu anaweza kusema hilo muulize mwenzangu. CAG alishashauri hiyo mikataba ya ukodishaji ipitiwe upya. Na kuna miaka TGFA ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais, Ikulu, na kila mtu anajua ugumu wa mbunge kuhoji fungu la Ikulu.

Ndo maana naomba kitu kimoja ambacho naamini hakijawa desturi yenu: waiteni ATCL na TGFA na Msajili wa Hazina, anayesimamia mashirika ya umma, siku moja, chumba kimoja, PAC na PIC na Miundombinu mkiwa pamoja. Asiwepo wa kumsukumia mwenzake.

Na mkiwaita msikubali ile namba moja ya jumla. Hasara ya bilioni 91.8 haisemi kitu, inaficha. Kuna hasara ambayo kwa kweli menejimenti haina kosa, zile Airbus A220-300 zimekuwa zikikaa chini kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney na mashirika mengi duniani yamelia na injini hizohizo, siyo Tanzania peke yake, na CAG mwenyewe ameliandika suala la injini. Ndege ikikaa chini haiuzi tiketi lakini gharama zake nyingine zinaendelea kuhesabika. Usimfukuze mtu kwa hilo. Muulize tu mkataba wa injini unasemaje kuhusu fidia, fidia imeombwa lini, imelipwa shilingi ngapi na imeingia akaunti gani. Kuna hasara nyingine ni ya maamuzi ya Serikali, ndege inaenda mahali ambapo haijazi viti kwasababu Serikali imetaka mkoa ule ufikike, na mimi naliunga mkono hilo, mtu wa Songea au Mpanda ana haki ya kufika Dar bila kulala barabarani, ila basi ruti hiyo iandikwe kwamba ni huduma, iwekewe ruzuku yake inayojulikana, isichanganywe na uzembe. Na kuna hasara ya tatu, ambayo ni ya manunuzi mabovu, mikataba mibovu na usimamizi mbovu. Hiyo ndo inatakiwa ipate mtu mwenye jina na cheo. Zikiwekwa zote kwenye kapu moja, mzembe anajificha nyuma ya injini ya Pratt & Whitney na abiria wa Mpanda, mwaka unaisha.

Nasema haya mimi nikiwa mtu ninayeitaka ATCL iishi. Nakumbuka kipindi shirika lilikuwa limebaki jina, halafu 2016 zikaingia Bombardier za kwanza, 2018 Dreamliner ya kwanza, watu walijaa uwanjani kuipokea na wengine walilia, hayakuwa maigizo yale. Dreamliner ya tatu imeingia Agosti 2024. Tumezilipia zote na kodi zetu. Ndo sababu inauma, maana shirika lililowahi kufa mara moja linaweza kufa tena, na safari hii litakufa na madeni makubwa zaidi.

Msione kama nawaambia mfanye maajabu. Bunge hilihili limewahi kufanya. Aprili 2012 ripoti ya CAG iliingia Bungeni ikawaka palepale, sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu zikakusanywa, na kufikia Mei Rais Kikwete alishapangua baraza na mawaziri sita wakawa nje. Novemba 2014 PAC ikaja na sakata la hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya bilioni 300, Bunge likakesha, yakatoka maazimio, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu Desemba, waziri wa Ardhi akatenguliwa mwezi huohuo, waziri wa Nishati akaondoka Januari. Haikuwa katiba nyingine wala nchi nyingine. Tofauti ni kwamba waliokuwemo waliamua moto ukiwa bado unawaka.

Na pia limewahi kufanya kinyume. Prof. Mussa Assad, akiwa CAG, aliulizwa kwenye mahojiano kwanini ripoti zake hazifanyiwi kazi, akajibu kwamba ni udhaifu wa Bunge. Badala ya kujibiwa kwa kuonyesha ripoti zilizofanyiwa kazi, akaitwa kuhojiwa Januari 2019, na Aprili 2 mwaka huohuo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Sitaki kufukua makaburi, ila swali aliloulizwa yule mzee bado lipo mezani na nyinyi wa Bunge la 13 mmelirithi.

Mmerithi na kiporo vile vile. Ripoti ya mwaka 2023/24, hiyo yenye 91.8, iliingia Bungeni Aprili 2025. Bunge la 12 likahitimishwa Juni 27, likavunjwa Agosti 3, tukaenda kwenye uchaguzi. Novemba, mwezi wa mjadala, Bunge jipya lilikuwa linaapishwa, linachagua Spika na kumthibitisha Waziri Mkuu. Wabunge wapya msiseme hiyo ilikuwa ya wenzetu waliopita, hela haikuvunjwa pamoja na Bunge, ruzuku iliendelea. Na kwa vile safari hii ndani ya ukumbi karibu wote mnatoka chama kimoja, hakuna kambi kubwa ya upinzani ya kuwashtua, kazi ya kuhoji yote iko mabegani mwenu. Kumhoji waziri wa chama chako siyo usaliti. Aliyewatuma ni mpiga kura wa jimbo lenu na yeye hajui ATCL ina bodi ya nani.

Jambo jingine dogo ila naliomba sana, vikao vya kamati na hawa watu virushwe mubashara. Mara nyingi tunachopata sisi ni taarifa ya habari sekunde arobaini, kamati "yawaka", menejimenti "yatimuliwa ikajipange", basi. Walienda kujipanga wakarudi na nini? Hatuambiwi. Sina shida na watu kutimuliwa kikaoni, ila wakirudi turudi nao. Kama kuna siri ya kibiashara ya shirika, bei za mafuta sijui mikataba na mawakala, fungeni milango kwa nusu saa hiyo na mseme kwanini mmefunga.

Na tusidanganyane na hati safi. Kila mwaka utasikia taasisi inatamba kwamba imepata hati safi, hati safi inasema vitabu vimeandikwa kwa kufuata viwango, haisemi kama ndege ilinunuliwa kwa bei nzuri au kama mkataba una akili. Unaweza kupata hati safi na hasara ya mabilioni kwenye karatasi hiyohiyo.

Sasa nimalizie na ninachoomba kwenye bajeti ijayo ya Uchukuzi. Kabla hamjafika Kamati ya Matumizi, mbunge yeyote, hata mmoja, aombe kwa maandishi haya yafuatayo na majibu yawekwe mezani kabla ya kura. ATCL inadaiwa kiasi gani na TGFA mpaka leo, na je deni hilo pande zote mbili wanaliandika kwa namba moja? Hasara ya mwaka wa mwisho uliokaguliwa imegawanyika vipi, injini kiasi gani, ruti za huduma kiasi gani, na kilichobaki ni nini? Kati ya mapendekezo ya CAG ya miaka mitano iliyopita kuhusu ATCL na TGFA ni yapi yamefungwa, yapi hayajaguswa, na nani alipewa kazi ya kuyatekeleza? Na ile invoisi ya dola milioni 86, faili lake limeishia wapi, kuna aliyefikishwa mahakamani au hakuna?

Majibu yasipokuja, shilingi ishikwe na isirudishwe jioni ileile. Hela ya mishahara ya wafanyakazi na matengenezo ya usalama ipite, hakuna anayetaka ndege ziruke bila kukaguliwa, ila ruzuku na mtaji mpya visubiri mpaka karatasi ije. Na hata kama mtashindwa kwa kura, ulizeni kwa sauti ili yaingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, tujue nani aliuliza na nani alijibu nini, tarehe ngapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi.